Mikwaruzo ya Kushoto

Tulimwacha Msasa kwenye duka la kukodisha skuta, kitambulisho mkononi, mdomo wazi. Kwenu zimepita siku saba. Kwake haijapita hata dakika, na mdomo bado u wazi.

Picha kwenye kitambulisho kile ilikuwa ya mama yake mzazi.

Kwa aliyefungia vitumbua gazeti la wiki jana kabla hajalisoma, nitasema kwa kifupi. Mama huyu ana miaka sitini na miwili, anauza vifaranga, na Jumatatu alipanda basi kuja mjini kulazwa hospitali ya macho. Kila jioni alipiga simu nyumbani. "Nimelala tu, mwanangu, kama nilivyoambiwa." Leo, Ijumaa, binti yake akaja kumwona bila taarifa. Binti ni fundi wa kupaka rangi magari, na gereji nzima inamwita Msasa, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Muuguzi akamwambia mama alitoka Jumatatu ileile kwenda kununua sabuni.

Sabuni gani hiyo ya siku tano?

Msasa akafuatilia hadi nyumba ya wageni nyuma ya hospitali. Chumba cha mama kilikuwa kimefagiwa, kitanda kimetandikwa, na mezani kuna kadi ya duka la skuta. Ndipo tulipofika. Na nyinyi wasomaji watatu mlioniandikia kwamba mama ana bwana mjini, nyamazeni kwanza tusome.

"Huyu ni nani kwako, binti?" aliuliza mwenye duka.

"Mama yangu."

Mwenye duka akaangua kicheko. Watu wanamwita Breki, kwa kuwa hampi mtu ufunguo kabla hajamwona akijaribu breki mara tatu. "Basi una mama! Bibi wa namba tisa! Asubuhi anachukua, jioni anarudisha, tena anaifuta vumbi mwenyewe. Wangekuwa wote kama yeye, ningenenepa."

"Leo yuko wapi?"

"Katoka saa mbili. Kitambulisho si hicho? Akirudi ndiyo nampa."

"Anatoka na nani?"

"Peke yake."

"Hakuna mwanamume?"

Naam, hata yeye wazo la bwana lilimpitia.

"Binti, hebu mheshimu mama yako," Breki alisema. "Mwanamume gani angekaa nyuma ya dereva yule? Kila siku ananirudishia skuta na jeraha jipya."

Akavuta daftari kubwa lenye jalada lililochanika. Duka la Breki lina utaratibu wake. Kila skuta ina ukurasa, na kwenye ukurasa amechora skuta hiyo mara mbili, ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto. Mteja akirudi na mkwaruzo, anauchora mwenyewe pale ulipo, anaandika siku, anatia sahihi. Breki anasema mtu anaweza kubishana na mdomo wa mwenzake, hawezi kubishana na mkono wake mwenyewe.

Msasa akafungua ukurasa wa namba tisa. Sahihi ya mama aliijua, ile yenye mkia mrefu. Jumatatu, mkwaruzo mmoja. Jumanne, miwili. Jumatano mama alichora kitu kama mto na vijito vyake.

"Hapo alipasua ubavu mzima," Breki alieleza. "Nikaubadilisha. Alhamisi akaanza kuukwaruza mpya."

Msasa hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anatazama mchoro wa kulia. Haukuwa na alama hata ya kucha.

Miaka kumi na mmoja ananyoosha na kupaka rangi magari yaliyogongwa. Dereva asiyejua kuendesha huleta gari limepondeka kila mahali, mbele, nyuma, kote. Gari lililoumia upande mmoja tu, tena kila siku, si gari la mtu asiyejua. Na mama yake anajua. Miaka ishirini amepeleka vifaranga kwa wateja kwa skuta, boksi nyuma, bila kuua hata mmoja.

"Haoni," alisema.

"Nani?"

"Mama yangu haoni upande wa kushoto. Umempa skuta mtu wa jicho moja!"

Kicheko cha Breki kikafa hapohapo. "Alijaribu breki mara tatu," alisema kwa sauti ndogo.

Msasa alikuwa ameshampigia daktari wa macho. Daktari hakuzunguka. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda tangu mwaka jana, na mama aliwaficha. La kulia ndilo lililobaki, na ile ngozi nyembamba iliyo nyuma ya jicho ilikuwa imeanza kubanduka pembeni.

"Nilimwambia alale asitikisike. Kila mtikisiko unaibandua zaidi."

"Kama rangi kwenye ukuta wa unyevu," Msasa alisema. "Ikianza kuinuka pembeni, siku moja inashuka yote."

"Hivyohivyo hasa. Nimepanga kumpasua kesho asubuhi. Kitanda nakishikilia mpaka saa kumi jioni. Ikipita hapo anapewa mwingine, na nafasi inayofuata ni baada ya wiki tatu."

"Na wiki tatu..."

"Wiki tatu hatakuwa na jicho la kupasua, dada."

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu. Mji mzima huko nje, na ndani yake mama mwenye nusu ya jicho, juu ya magurudumu mawili.

Msasa hakuwa na muda wa kulia. Akalia hata hivyo, machozi matatu au manne, akayafuta kwa kiganja chenye rangi isiyotoka, akauliza: "Ule ubavu uliopasuka uko wapi?"

Ulikuwa kwenye kona, nyuma ya matairi. Akaubeba hadi mlangoni penye mwanga, akaanza kuusoma. Ninyi mnasoma gazeti, yeye anasoma rangi. Huu weupe ni chokaa, ukuta wa zamani. Hii njano ni ya vinguzo vya barabarani. Na huu mstari mwekundu wa udongo? Akauchimba kwa ukucha. Ukucha ukazama.

"Hii ni rangi ya msingi ya chuma, ya kuzuia kutu. Na bado laini, haijamaliza wiki. Hakuna anayeacha chuma na rangi ya msingi peke yake, lazima aje aifunike na nyingine. Nani anapaka chuma mji huu wiki hii?"

"Binti, mji wote una chuma."

"Nipe skuta."

"Iliyobaki ni namba nne. Lakini ile honi yake ina kasoro. Ukikata kulia inalia yenyewe."

"Nipe."

"Jaribu breki kwanza. Mara tatu."

Msasa akabana breki mara tatu, na kila mara alitaja kitu ambacho mhariri wangu hakiruhusu.

Alikuwa hajawahi kuendesha mji huu. Alijaribu mtaa wa maghala kwanza, maana maghala yana mageti. Akakuta mageti ya kijivu, makavu, ya miaka mingi. Akageuza. Akaingia mtaa wa washona mapazia, akatokea mtaa wa vioo ambako alijiona mara arobaini, mwanamke mwenye helmeti kubwa kuliko kichwa, uso umekunjamana. Kwenye mzunguko wa barabara alizunguka mara mbili kwa kukosa njia ya kutokea, kisha akakata kulia na honi ikalia mlio mrefu wa ng'ombe. Dereva wa lori akamtukania mama.

"Huyohuyo ndiye ninayemtafuta!" Msasa akamjibu.

Kila skuta iliyompita aliigeukia. Kila kundi la watu lililokusanyika kando ya barabara, alipunguza mwendo mpaka aone wamezunguka nini. Mara ya kwanza ilikuwa muuza miwani. Mara ya pili mtu kaanguka kweli, mwanamume, kajishika goti. Msasa akashukuru, halafu akaona haya kwa kushukuru.

Saa nane na nusu. Kuuliza si ujinga, akasimama kwenye duka la vifaa vya ujenzi. "Nani kachukua rangi ya msingi ya chuma kwa wingi siku hizi?"

Muuzaji hakufikiri hata. "Stesheni ya reli. Wanapaka uzio wote."

Uzio wa stesheni ulikuwa mrefu, nusu mwekundu wa udongo, nusu wa kutu. Pale rangi ilipoishia alichuchumaa fundi mmoja, mpaka rangi, na kopo lake. Na pembeni yake, imeegemezwa vizuri kwenye kivuli, skuta namba tisa.

"Mwenye hii yuko wapi?"

"Yule bibi?" Mpaka rangi akainuka. "Wewe ni nani wake? Maana Jumatano alinipitia hapa akanimwagia kopo zima! Nimefungua mdomo nimtukane, kashuka, kapiga magoti, anachota rangi kwa kigae anairudisha. Utamtukana vipi mtu kama huyo? Siku ile stesheni walimkatalia kuingia bila tiketi. Leo karudi, kakata tiketi ya treni asiyoipanda."

"Yuko ndani?"

"Anafagia, nadhani."

Hakuwa anafagia. Katikati ya ukumbi wa tiketi, abiria wakimpita huku na huku na mizigo, mama alikuwa amepiga magoti. Mkononi alikuwa na kitambaa kibichi. Anafuta sakafu kipande kwa kipande, kisha anainamisha uso mpaka pua inakaribia kugusa chini, kichwa amekigeuza ili jicho la kulia litangulie. Mtu mmoja alimrushia ganda la karanga karibu yake akidhani ni kazi yake kuliokota.

Msasa alikuwa amepanga maneno makali njia nzima. Yote yakamkauka.

"Mama."

Mama hakushtuka. "Umekanyaga ua," alisema. "Sogea nyuma kidogo."

Msasa akatazama chini. Chini ya viatu vyake kulikuwa na ua la mawe madogo, jeusi na jekundu, limesagwa likawa laini kama kioo. Terazo. Na hapo, bila kuambiwa, akaelewa. Baba yake, ambaye tulimzika miaka sita nyuma katika sura ya kwanza kabisa, alikuwa fundi wa terazo. Miaka kumi na miwili alifanya kazi mji huu, akirudi nyumbani mara mbili kwa mwaka.

"Kila sakafu aliyomaliza aliniandikia barua," mama alisema, bado magotini. "Zipo kumi na mbili. Kila barua mwisho anasema, nitakuleta uone. Nikawa tayari, vifaranga vinaanguliwa. Nikawa tayari, mtoto ana homa. Mtoto mwenyewe ni wewe. Mwisho akafa." Akakunja kitambaa. "Daktari aliponiambia nilale chali nisubiri, nikasema huyu hajui anachoniambia. Nikilala, na lile jicho likakataa, nitakuwa nimeziona wapi?"

"Ungeniambia nikupeleke!"

"Ungenifungia chumbani na ufunguo ukauweka kwenye sidiria."

Kweli tupu.

"Mficha uchi hazai, mama. Umeendesha siku tano huoni upande mzima!"

"Nilikuwa nakwenda polepole. Vya kushoto vyote vilivyonigonga vilikuwa vimesimama." Mama akacheka peke yake. "Wazee walisema macho hayana pazia. Langu linalo, linashuka kama la dukani."

"Saa tisa na robo sasa. Kitanda chako kinashikiliwa mpaka saa kumi. Twende."

"Hii ni ya kumi na moja. Bado moja."

"Utaiona ukitoka."

"Kesho asubuhi wanaivunja." Mama akainuka, magoti yakilia. "Ile sinema ya zamani, ng'ambo ya mji. Jana nilifika mlangoni jioni, fundi akaniambia njoo kesho mchana nitakufungulia, keshokutwa hutakuta kitu. Sakafu ya pale kwenye ngazi ndiyo ya mwisho aliyotengeneza. Ina kitu changu ndani."

"Kitu gani?"

"Utakiona tukifika."

Msasa alipiga hesabu ya njia. Hospitali dakika kumi na tano. Sinema nusu saa, tena upande mwingine. Yote mawili hayawezekani, hata skuta ingekuwa na mabawa.

"Panda nyuma yangu," alisema. "Namba tisa tutaiacha na mpaka rangi."

"Sema kwanza unanipeleka wapi."

"Mama, muda unakwisha. Panda."

"Sema."

"Nakupeleka," Msasa alisema.

Alisema hivyo tu, na mama akaridhika. Alimvalisha helmeti, akamfunga mkanda chini ya kidevu kama mama alivyokuwa akimfunga yeye vifungo vya sare ya shule, na mikono miwili migumu ya mfuga kuku ikamzunguka kiunoni. Msasa alijisikia mwizi. Lakini alikuwa ameshaamua. Jicho kwanza, sakafu ni sakafu. Atanichukia, alijisemea, lakini atanichukia ananiona.

Aliendesha kama aliyebeba trei ya mayai. Kila shimo alilizunguka. Kwenye kona ya kwanza akakata kulia, honi ikalia ule mlio wa ng'ombe, na mama akashtuka kisha akacheka mpaka helmeti yake ikagonga ya mwanawe.

"Ina nini hii?"

"Ikikata kulia inalia yenyewe."

"Ya kwangu ilikuwa na adabu."

Akaanza kusimulia, mdomo karibu na sikio la binti yake, upepo ukichukua nusu ya maneno. Benki ile yenye nguzo, sakafu yake ina nyota nane, mlinzi alimfukuza mara mbili, mara ya tatu akamletea kiti. Pale posta kuna mstari wa kijani unaotoka mlangoni hadi dirisha la stempu, baba yako aliupinda kidogo mwishoni makusudi, aliandika kwamba mstari ulionyooka sana unachosha miguu. Shule ile, wamefunika kwa zulia, mwalimu mkuu mwenyewe alilifunua. Msasa alikuwa hajamsikia mama yake akiongea hivi tangu msiba. Alitamani barabara isiishe, na alitamani iishe upesi, na skuta ikaendelea kwenda.

"Mbele kuna mnara wa maji," mama alisema. "Hapo ni kushoto. Usinidanganye, hospitali ni kulia, naijua njia. Ukikata kulia nashuka, hata kama inatembea."

"Nimekusikia, mama."

Mnara ukatokea, mrefu, mweupe, jua likiupiga usoni. Saa tisa na dakika thelathini na tano. Msasa akapunguza mwendo. Alikuwa bado anatafuta la kusema, ndipo mama alipouliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mbona kumetanda ghafla hivi? Mvua inakuja?"

Msasa akatazama juu.

Mbingu ilikuwa safi toka upande hadi upande. Hapakuwa na wingu hata la kufutia mikono.

"Wingu tu, mama," alisema. "Litapita."

"Tumefika kwenye mnara?"

Mnara ulikuwa mbele yao, mkubwa kama jengo la ghorofa sita. Mama hauoni.

"Bado kidogo," Msasa akasema.

Sasa mama hatajua. Kulia, kushoto, kwake ni sawa, na dakika zinazohesabika sasa ni za jicho ambalo pazia lake linashuka wakati huohuo. Msasa akauma mdomo, akainamisha skuta taratibu, akakata kulia.

Na honi ikalia.

Ililia ndefu kuliko zote, mtaa mzima ukageuka. Msasa alingoja kelele, alingoja kofi la mgongoni. Akaongeza mwendo, geti la hospitali lilikuwa linaonekana mwisho wa barabara.

"Ilikuwa sahani ya bluu," mama alisema mwishowe, polepole, sikioni kwake. "Niliivunja siku ya kwanza alipoondoka kuja huku, kwa hasira. Akaviokota vipande vyote, akavifunga kwenye leso. Kwenye ile sakafu ya mwisho akavisaga na mawe, akavimwaga katikati. Akaandika, njoo ukanyage hasira zako."

"Mama, nisikilize..."

"Nilitaka kuviona tu, mwanangu."

Na ile mikono miwili kiunoni mwa Msasa ikaachia.